Hakuna Mdudu Chini ya Kofia ya Jino

"Mwanangu, ukilifunika jino hili kwa kofia, yule mdudu aliyemo atatokea wapi?" Swali hili, ambalo wazee huliuliza kwa upole na vijana kwa ubishi, nimelijibu katika mwambao huu mara zisizo idadi, na aghalabu naona katika uso wa muulizaji ile staha ya mtu anayemheshimu tabibu wake lakini hamsadiki. Wengine huikataa kofia wakihofu kumfungia adui ndani ya ngome. Wengine, kwa hoja iliyo kinyume lakini yenye kosa lile lile, huiomba kwa bidii, wakitumai kwamba mdudu akikosa hewa atakufa. Na kundi la tatu, lililo kubwa kuliko yote mawili, huja likitaka jino ling'olewe upesi, ijapokuwa laponyeka, ili mdudu asipate wasaa wa kuhamia jino la jirani. Naomba radhi kwa ukali wa jibu langu: mdudu hayumo, hakuwamo, wala hatakuwamo.

Itikadi hii si ya kwetu peke yetu, na mwenye kuishika asidhani kwamba namdharau. Watu wa Babeli waliandika katika vibao vya udongo kisa cha funza aliyemwendea mungu Ea akamwomba makao baina ya jino na ufizi. Na Ibn Sina mwenyewe, pamoja na bahari yote ya elimu yake, aliagiza katika kitabu chake cha tiba kwamba mwenye funza wa meno afukizwe kwa moshi wa mbegu, zikiwamo za vitunguu. Kwa hiyo dawa ya ndulele, ambayo bado hufanywa huku kwetu, ina nasaba ndefu na tukufu, na ubaya wake ni mmoja tu, nao ni kwamba haitibu.

Hufanywa hivi. Kaa la moto hutiwa katika chetezo, likanyunyiziwa mbegu kavu za ndulele, na mgonjwa huinamishwa juu ya moshi hali kinywa kiwazi, pengine moshi ukielekezwa kwenye jino kwa bua la jani la mpapai, na karibu yake kimewekwa chombo cha maji. Haupiti muda mrefu ila huonekana majini vitu vidogo, vyeupe, vilivyopinda, kila kimoja mfano wa funza kamili, na mganga huvihesabu mbele ya jamaa waliokusanyika. Mgonjwa aliyeviona kwa macho yake, tena akiwa amelala usiku kucha akiugulia, atakanaje?

Wala sisemi kwamba hakuviona. Nasema havikutoka kinywani. Ndani ya kila mbegu ya mmea wa jamii ya ndulele umelala mche mchanga, mweupe, uliojikunja, na mbegu ikipata moto ganda hupasuka na mche ule huruka nje ukaangukia popote palipo karibu, ikiwa majini basi majini. Anayetaka burhani hana haja ya kuja kwangu wala ya kulipa senti: na aweke chetezo, mbegu na bakuli, amwache mgonjwa nyumbani, kisha atazame. Funza watakuja vile vile, ilhali hapana jino hata moja lililokaribia moshi. Jambo hili lilielezwa na mchungaji wa Kijerumani, Jacob Christian Schäffer, katika kijitabu alichokitoa mwaka 1757. Na kabla yake tabibu wa meno wa Kifaransa, Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alisema kwamba aliwatafuta funza hao kwa hadubini asiwaone. Na kabla ya wote hao, katika karne ya 13, al-Jawbari wa Damaski, aliyetunga kitabu kizima kufichua hila za walaghai, aliwatia humo na watoa funza wa meno. Hadaa iliyofichuliwa kwa Kiarabu yapata miaka 800 iliyopita ningetaraji iwe imechoka kufikia sasa.

Hapo hunijia hoja ya pili, nayo huletwa na watu wenye akili timamu: "Daktari, wewe mwenyewe ulinitolea mdudu, nilimwona kwenye sindano yako." Ni kweli nilitoa kitu, chembamba, chekundu au cheupe, chenye kulegea kama uzi uliolowa; lakini kile ni kiini cha jino, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu iliyokaa katika mfereji wa mzizi tangu jino lilipoota. Ni kiungo cha mgonjwa mwenyewe, na kabla ya kuoza ndicho kilicholipa jino uhai.

Hoja ya tatu ndiyo yenye madhara. Mtu hufukizwa, na baada ya siku mbili maumivu hukoma, akawa shahidi wa mganga mtaa mzima. Maumivu yamekoma kwa sababu kiini kimekufa, na kilichokufa hakihisi; lakini maradhi hayakufa pamoja nacho, bali huendelea kimya kushuka mzizini, na baada ya miezi, pengine mwaka, shahidi yule huletwa kwangu na shavu lililofura, homa, na usaha katika mfupa wa taya. Jino ambalo lingalitibiwa na kuvikwa kofia siku ile ya kwanza, sasa pengine halina budi kung'olewa. Hata hivyo moshi ni afadhali kuliko maji ya betri, ambayo wako wanaoyatia jinoni kwa unyoya wa kuku, yakaunguza ufizi na mfupa pamoja. Karafuu siitukani: mafuta yake hutia ganzi kweli, nasi matabibu huyachanganya na unga wa zinki tukafanya kizibo cha muda, ila hutuliza tu, hayaponyi.

Kinachotoboa jino ni asidi itengenezwayo na bakteria kutokana na sukari na vyakula vya wanga vilivyoganda menoni, kama alivyobainisha Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, katika kitabu chake cha mwaka 1890. Uozo hauhami kutoka jino hili kwenda lile kwa miguu. Meno mawili jirani huoza kwa kuwa yamelishwa sukari ile ile na kupigwa mswaki kwa uvivu ule ule.

Nimekawia mno kwa kiumbe asiyekuwapo, basi msomaji anivumilie nikienda mbio kwa yaliyopo. Tundu dogo huzibwa, wala halitaki kofia. Uozo ukifika kiinini, mzizi husafishwa na kujazwa kwanza; kuvika kofia juu ya uozo ni kupaka chokaa ukuta uliokwisha liwa na mchwa. Gego lililotibiwa mzizi aghalabu huhitaji kofia, kwani lina uwazi ndani na kutafuna hulipasua. Jino huchongwa kiasi cha milimita 1 hadi 2, likapigwa chapa, likavikwa kofia ya muda, na katika safari nyingine ile ya kudumu hugandishwa. Dhahabu hudumu sana na hutaka kuchonga kidogo. Kauri hupendeza mbele. Zirkonia ni ngumu na nyeupe. Jino zima silichongi kwa ajili ya pambo, na ndugu zetu wa Arusha na Meru wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi ya maji wajue kwamba zipo njia nyepesi za kuyang'arisha kabla ya kufikiria kofia.

Kwa pengo, daraja hushikwa na meno ya pande mbili yaliyochongwa; kama hayo yalikuwa tayari yanahitaji kofia, ni tadbiri njema, na kama ni mazima, fikiri mara mbili, maana kilichochongwa hakirudi. Kwa meno ya mbele lipo daraja la mbawa lisilochonga sana. Kipandikizi cha titani, ambacho Brånemark wa Uswidi alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, hakigusi jirani, lakini ni ghali, hungoja miezi kadhaa kishikane na mfupa, na hakipendi tumbaku wala kisukari kisichodhibitiwa. Meno ya kuvua ni rahisi kuliko yote, nayo huvuliwa usiku. Pengo la gego la mwisho laweza kuachwa. Mapengo mengine yakiachwa miaka, majirani huinama na jino linaloyakabili huchomoza, kazi ikawa mara mbili.

Kofia njema hukaa miaka 10 na zaidi, kwa sharti kwamba ukingo wake upigwe mswaki, na chini ya daraja upitishwe uzi kwa sindano ya plastiki. Ikikuvuka, usiigandishe kwa gundi ya viatu. Ioshe, itie katika kikopo chenye kifuniko, uje nayo wiki hiyo hiyo.