Kidonda cha baba mdogo na nyuzi zinazoshika mwili

Wandugu, mie ni mtu wa agronomia, si munganga. Lakini musimu uliopita baba mdogo alijikata jembe kwenye mguu katika shamba la mpunga, hapa kwetu Mutarule. Alichomwa sindano ya pepopunda, wakamushona. Kisha wiki tatu akataka kurudi kulima. Nilipomukataza akaniuliza: "Mutoto wangu, si ngozi imeshafunga?" Nikafungua tena kaye yangu ya biolojia.

Mwili una tishu za aina ine: ya kufunika, ya misuli, ya neva, na tishu unganishi. Hii ya mwisho njo inashika zingine. Seli zake hazibanani. Kati yao muko nyuzi na kitu kizito kama uji. Fikiri nyumba ya miti na udongo: miti ni nyuzi, udongo ni ule uji, mafundi ni seli.

Iko ya namna nyingi. Laini iko chini ya ngozi. Ngumu ni kano, zinazofunga musuli kwenye mufupa. Mafuta yanatunza akiba na joto. Gegedu linazuia mifupa isisuguane. Mufupa wenyewe umekazwa na kalisi na fosfori. Hata damu ni tishu unganishi, ijapokuwa inatiririka: inabeba oksijeni, chakula na askari wa mwili.

Kwenye kidonda, seli ziitwazo makrofaji zinakula vijidudu na uchafu. Nyuma yao fibroblasti zinafuma nyuzi za kolajeni. Zile za kwanza ni zaifu. Zinabadilishwa polepole na zenye nguvu, kazi ya miezi mingi. Kwa hiyo ngozi inaweza kufunga juu, huku chini mafundi bado wako kazini.

Na hapa njo agronomia inaingia. Bila vitamini C, kolajeni haikazi. Mwaka 2017 na 2018, katika kambi ya Kakuma, Kenya, vijana wakimbizi wa Sudani Kusini waliumwa miguu na kuvimba fizi. Ilikuwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo.

Sisi tunajitetea: "Tunakula sombe kila siku!" Kweli, jani bichi la muhogo lina vitamini C mingi, lakini masaa ya moto yanaiharibu. Musiache kuipika vizuri, maana kutwanga na kuchemsha njo kunaondoa sumu yake. Ongezeni tu mapera, machungwa, ndimu, ama lengalenga isiyokaa sana motoni. Mapera yetu yanaoza chini ya miti, na tunayaita chakula cha watoto.

Baba mdogo alikubali kungoja, kwa shingo upande. Sisi watoto tulimupandia nusu ya shamba. Nusu ingine ilibaki majani matupu. Ni hasara, sikatai. Lakini shamba linangoja musimu mwingine. Kano ikikatika tena, huo mguu hautakuwa na musimu mwingine.