Gramafoni Iliyonyamaza: Tazama Kichwa cha Sindano Kwanza

Miongoni mwa vyombo vya nyumbani vinavyotupwa kabla ya wakati wake, gramafoni ni kimojawapo. Taa inawaka, sahani inazunguka, sindano inashuka mahali pake, lakini sauti haitoki, au hutoka nyembamba kama ya mbu. Basi mwenye nyumba hukata shauri kwamba mashine imekufa, akaigeuza kuwa meza ya kuwekea vikombe. Aghalabu hukumu hiyo si ya haki. Kilichokufa huwa ni kitu kidogo kisichozidi ncha ya kidole, yaani kile kichwa kinachoshika sindano mwishoni mwa mkono.

Katika West Nile, nchini Uganda, jambo hili lina uzito wa pekee. Arua na Koboko ziko jirani na mpaka wa Kongo, na muziki wa Léopoldville, uliotolewa na makampuni kama Ngoma iliyoanzishwa mwaka 1948, ulienea mbali katika Afrika kwa njia ya sahani za santuri. Kisha serikali ya Idi Amin ilianguka mwaka 1979, na katika misukosuko iliyofuata, hasa mwaka 1980, watu wengi wa sehemu hizo walikimbilia Sudan na Zaire. Anayekimbia hubeba watoto na sufuria. Kabati la gramafoni halibebeki. Kwa hiyo sahani iliyosalimika hadi leo ni amana. Huenda ndiyo iliyopigwa katika arusi ya babu na bibi, na ikichimbwa na sindano mbovu, si rahisi kupata nyingine.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini kichwa hufa. Katika gramafoni nyingi za umeme za miaka ya 1950, ndani ya kichwa mna kipande cha fuwele ya chumvi iitwayo chumvi ya Rochelle. Mfuo wa sahani hutikisa sindano, sindano huipinda fuwele kidogo, nayo fuwele huzaa umeme hafifu ambao mashine huukuza uwe sauti. Lakini chumvi ni chumvi. Hufyonza unyevu wa hewani na kulainika, na joto lipatalo nyuzi 55 za Selsiasi huiharibu kabisa. Miezi ya mvua za West Nile, ikifuatwa na jua kali la kiangazi, ni mtihani mkubwa kwake. Mpira mdogo unaoshika sindano nao hukauka kwa umri, ukawa mgumu kama kucha.

Kujaribu ni rahisi. Washa mashine, ongeza sauti kiasi, kisha uguse ncha ya sindano polepole kwa unyoya laini. Ukisikia mkwaruzo katika kipaza sauti, kichwa kingali hai, na pengine sindano tu imechakaa. Usiposikia kitu, chomoa waya wa umeme ukutani kabla ya kugusa jambo lingine lolote. Usifungue sehemu ya ndani ya mashine ya zamani yenye valvu. Umeme wa kuua huweza kubaki humo hata baada ya kuchomolewa. Kazi hiyo mwachie fundi wa redio.

Fuwele iliyooza haifufuki; dawa yake ni kubadilisha kichwa. Mwenye gramafoni aliye Koboko hana haja ya kusafirisha kabati zima hadi Arua, safari ya kilomita 50 na zaidi. Baada ya kuchora kwenye karatasi rangi ya kila waya na mahali pake, aweza kukifungua kichwa na kumpelekea fundi pamoja na mchoro huo. Aulize kichwa cha kauri. Hiki hufanya kazi kwa namna ileile ya fuwele, lakini unyevu haukiyeyushi. Asikubali kichwa cha sumaku, kwani umeme wake ni mdogo mno kwa mashine hizo, na sauti itakuwa ya kunong'ona.

Ikibidi kulehemu, kibanio cha waya kichomolewe kwanza kutoka kwenye kichwa, kilehemiwe kando, kipoe, ndipo kirudishwe. Joto la chuma cha kulehemu likipita moja kwa moja hadi ndani, kichwa kipya chaweza kuharibika kabla hakijaimba.

Sindano nayo ina kanuni. Sahani za mizunguko 78 zina mfuo mpana, na sindano yake ina ncha ya mikroni 65 hadi 75. Sahani za mizunguko 45 na 33 zina mfuo mwembamba, nazo hutaka ncha ya mikroni 25 au chini yake. Vichwa vingi vina sindano mbili za kugeuza. Hakikisha iliyo chini ndiyo inayostahili. Sindano ya yakuti huchakaa baada ya makumi machache ya saa za kupiga, hali ya almasi hudumu mamia. Uzito wa mkono upimwe kwa mizani ndogo ya sonara na kufuata kipimo cha kichwa kipya. Kwa vichwa vya kauri huwa gramu chache tu. Ukiwa mwepesi mno sindano hurukaruka. Ukiwa mzito hulima sahani kama jembe.

Neno la mwisho ni juu ya usafi. Sahani nzito za 78, zile zinazovunjika kama kigae, zisipanguswe kwa spiriti hata kidogo, maana huyeyusha lakiri iliyoziunda. Maji baridi yenye matone machache ya sabuni laini na kitambaa safi yatosha, bila kulowesha karatasi ya katikati. Zihifadhiwe zikisimama wima, mbali na jua. Na siku gramafoni itakapoimba tena, ni busara kunasa kila wimbo kwa simu mara moja, ili vijana wa nyumbani wapate kusikiliza bila kuichosha sahani yenyewe.