Mtu Mwema na Kontena Asilouliza Lina Nini

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Sawa, lakini hawakutuambia njia ya mtu mwema anayejidanganya mwenyewe ina urefu gani. Swali hilo ndilo linaloniweka mbele ya televisheni usiku. Na kila nikiulizwa barazani, mtu wa makamo yangu aliyelelewa chuoni ana haja gani na michezo ya Wamarekani iliyojaa wezi na wauza unga, mimi hujibu kwa jina moja tu: The Wire.

Mchezo huu ulionyeshwa na kituo cha HBO tangu 2002 hadi 2008, sehemu 60 kwa jumla. Aliyeuanzisha ni David Simon, mwenzetu wa kalamu aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, akisaidiwa na Ed Burns, askari mpelelezi wa zamani aliyepata pia kuwa mwalimu. Humo hakuna malaika, wala hakuna shetani mtupu. Yumo Omar Little, aliyeigizwa na marehemu Michael K. Williams, jambazi anayewapora wauza unga, lakini hatamki matusi wala hamgusi mtu asiyehusika na biashara ile. Wamo na askari wanaowakamata wabaya mchana, na usiku wakalewa na kuzivunja nyumba zao wenyewe.

Wengi wanampenda Omar. Anayenishughulisha mimi zaidi ni Frank Sobotka wa msimu wa pili, ulioonyeshwa 2003, aliyeigizwa na Chris Bauer. Na huyu, msomaji wangu wa Mombasa, utamtambua mara moja, kwani ni mtu wa bandarini.

Sobotka ni kiongozi wa chama cha makuli wa bandari ya Baltimore. Meli zimepungua, gati la nafaka limekufa, na vijana hukaa siku nyingi bila zamu. Yeye anataka mfereji wa meli uchimbwe na gati lijengwe upya, na ili wanasiasa wakubali panahitajika fedha. Basi anaagana na watu wa magendo: makontena fulani yatoke bandarini bila kuandikwa, naye asiulize yana nini. Hajinunulii jumba wala gari la fahari. Fedha zinakwenda kwa mtu wa kuwabembeleza wanasiasa, kwa wenzake wenye dhiki, na kwa kanisa lake, alikotoa dirisha la vioo vya rangi lenye sura za makuli.

Sadaka ile ndiyo inayomponza. Afisa mmoja wa polisi alitaka dirisha la askari liwekwe papo hapo. Akakasirika, akauliza makuli wamepata wapi fedha, na upelelezi ukaanza. Wakati huo huo, ndani ya kontena moja zikaonekana maiti 13 za wanawake walioletwa kutoka ng'ambo kwenda kuuzwa miili yao.

Sobotka anashtuka kweli. Anawafokea wale watu wa magendo kwamba hakujua. Wala hasemi uongo! Hakujua, kwa sababu alilipwa ili asijue. Kisha anaongezwa fedha, naye anaendelea.

Tusiwe wepesi wa kumcheka. Mwaka 2019 ilipoamriwa makontena yapelekwe Nairobi kwa reli, Mombasa iliandamana, kwani watu waliona riziki yao inapanda gari moshi na kwenda zake, mpaka amri ile ilipoondolewa 2022. Hofu ya Sobotka tunaijua. Ndiyo maana udhuru wake unatuingia moyoni kabla hatujaukagua.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kisa hiki zamani. Nduguze Nabii Yusuf walipopanga kumwondoa, hawakusema kwamba wanataka kuwa waovu. Walijipa moyo kuwa jambo lile likiisha, watakuwa watu wema. Na Sobotka ni vivyo hivyo: leo magendo, kesho bandari ikifufuka, basi.

Wazee wangu wa barazani wanasema michezo hii inawapendezesha vijana ubaya. Naogopa zaidi ile michezo ambayo mwovu anajulikana tangu anapoingia, kwa kovu la shavuni. Mtazamaji humlaani, akalala usingizi wake. Unga uliowamaliza vijana wa mitaa yetu haukuingia kwa miguu yake wenyewe. Ulipita katika mikono mingi, na sidhani kama yote ilikuwa ya watu wenye makovu. Mingine ni ya baba wa watu, wenye kuswali na kutoa sadaka, waliopewa kitu kidogo ili wasiulize.

Na mwisho wa Sobotka? Mwanawe anafungwa kwa kuua. Yeye anaamua kuwaeleza polisi yote, lakini siri inavuja, na maiti yake inaopolewa katika maji ya bandari ile ile aliyoipenda. Penye gati la nafaka panapangwa kujengwa majumba ya wenye nacho. Hakuna alichokiokoa.

Nami, kwa kuwa kalamu yangu haijazoea kuaga bila beti, namwachia msomaji huu:

Kontena lina muhuri, ndaniye hukuuliza,
Ukasema ni ya kheri, na dhamiri ukalaza,
Jipu likiwa la siri, ndani lazidi kuoza,
Nia hata iwe nzuri, haramu haisafishi.