Kioo cha Pembeni Kikivunjika, Nani Alipe?



Katika mashamba yetu ya chai na miwa, na viwandani pia, pikapu ndiyo punda wa kila siku. Hubeba mbolea, hubeba magunia ya majani, hupeleka mgonjwa zahanati, na jioni hurudisha watu kambini. Kioo chake cha pembeni, ile saidimira, kikivunjika, mara nyingi mambo mawili hufuata. Kwanza, dereva huambiwa aendelee na kazi hivyo hivyo. Pili, mwisho wa mwezi hukuta mshahara wake umekatwa. Yote mawili ni mabaya, na yote mawili yaweza kuzuiwa ikiwa wafanyakazi wataijua kazi yenyewe na kuzijua haki zao.

KIOO NI JICHO LA DEREVA

Pikapu ikiwa tupu, dereva huona nyuma kwa kioo cha ndani. Ikipakiwa magunia mpaka juu, kioo cha ndani huonyesha magunia tu. Hapo hubaki vile viwili vya pembeni. Hapa Uganda, kama Kenya na Tanzania, usukani uko kulia na magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo kioo cha kushoto ndicho kinachoonyesha ukingo wa barabara, na ukingoni ndiko wanakopita wachumaji, watoto wa shule na watu wa baiskeli. Kioo hicho hicho ndicho kinachogongwa na matawi na nguzo za malango.

Katika shamba moja nililotembelea kwa kazi ya chama, pikapu ilikaa wiki tatu bila kioo cha kushoto. Asubuhi moja ilirudi nyuma mahali pa mizani ikakanyaga vikapu vitatu vya wachumaji. Wenye vikapu walikuwa wamesogea hatua chache tu kwenda kupimiwa majani. Msimamizi akahesabu hasara ya vikapu. Akina mama wakahesabu zile hatua chache. Siku hiyo hiyo kioo kipya kilipatikana, ingawa kwa wiki tatu tuliambiwa hakuna fedha.

JINSI YA KUKIBADILI

Kazi hii haihitaji fundi mkubwa. Dereva na tanboi wake huweza kuimaliza katika muda mfupi wakiwa na bisibisi bapa, spana na kitambaa.

Kabla ya kununua, chukua kioo cha zamani mkononi uende nacho dukani. Hakikisha ni cha upande ule ule, na matundu ya bolti yanalingana. Tena angalia kimetoka kwenye gari la namna gani. Majirani zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia, na magari mengi huko yana usukani kushoto. Kioo kilichofunguliwa kwenye gari la namna hiyo chaweza kuingia vizuri mlangoni, lakini kikakataa kugeuka kiasi cha kumfaa dereva anayekaa kulia.

Kwenye pikapu nyingi kazi huenda hivi. Ndani ya mlango, kwenye kona ya mbele ya dirisha, kuna kifuniko cha plastiki chenye pembe tatu. Funga kitambaa kwenye ncha ya bisibisi, ukibandue taratibu kisipasuke. Nyuma yake utaona bolti au nati, mara nyingi tatu. Ziba mwanya wa mlango kwa kitambaa, maana nati ikidumbukia ndani ya mlango utapoteza nusu ya siku kuitafuta. Kama kioo kinageuzwa kwa umeme, toa kwanza waya hasi wa betri, kisha chomoa soketi ya nyaya zake. Legeza nati, na mwenzako akishike kioo kwa nje ili kisianguke nati ya mwisho inapotoka.

Weka kioo kipya pamoja na mpira wake, kwa sababu bila mpira maji ya mvua huingia mlangoni na kuleta kutu. Kaza nati zote kwa vidole kwanza, halafu kwa spana, kidogo kidogo kwa zamu, usije ukapasua kikalio.

Iwapo kilichovunjika ni kioo tu na nyumba yake ni nzima, unaweza kubadili kioo peke yake. Vaa glovu unapotoa vipande. Lakini jihadharini na kioo bapa kinachokatwa kwenye duka la vioo vya dirisha na vya kujitazamia. Kioo cha kushoto cha pikapu nyingi kimebinuka kidogo kwa nje. Ndiyo maana huonyesha mahali papana, ingawa vitu huonekana vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Ukiweka bapa mahali pa kilichobinuka, utaona sehemu ndogo tu ya nyuma, na dereva atadhani anaona yote.

Mwisho, dereva akae kama anavyokaa akiendesha, ndipo kioo kirekebishwe. Ubavu wa gari uonekane kidogo tu kwenye ukingo wa ndani. Kisha gari likiwa limezimwa, mwenzake alizunguke polepole, na dereva aseme ni wapi anampoteza. Kila gari lina mahali ambapo dereva haoni hata vioo vikiwa vizima, na inafaa watu wote wanaofanya kazi karibu na gari hilo wapajue. Kanuni ni rahisi: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni wewe.

NANI ALIPE?

Gari ni mali ya mwajiri, na kioo ni sehemu ya gari. Hata hivyo dereva hukatwa mshahara kana kwamba ameazima gari kwenda harusini. Hebu tuwatazame majirani wawili.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara kwa masharti tu. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, na ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha taslimu.

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kukata kiasi cha haki pale ambapo mali ya mwajiri imeharibiwa kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Tawi la mti lililoangukia barabarani si makusudi ya dereva, wala lango lililojengwa jembamba.

Dereva wetu anayevuka mpaka kufanya kazi huko ayashike hayo. Na sisi tulio hapa tuyatumie tunapokaa mezani na mwajiri. Mkataba wa pamoja useme wazi kwamba hakuna kukata mshahara kwa uharibifu wa gari mpaka kosa lithibitishwe mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, na hesabu ioneshwe kwa risiti ya duka.

Kuhusu kulazimishwa kuendesha gari bovu, Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi asiadhibiwe akijiondoa kwenye kazi kwa sababu ya kutosha ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama yapasa kuziheshimu.

KAZI YA TAWI

Neno la mdomo halisimami ofisini. Kila tawi lihakikishe gari lina daftari lake. Kioo kikivunjika, dereva aandike siku, saa, mahali, kilichotokea, na jina la msimamizi aliyeambiwa. Nakala apewe mwakilishi wa tawi siku hiyo hiyo.

Mpaka kioo kiwekwe, gari lisibebe watu. Kama ni lazima lisogezwe hapo kituoni, mtu mmoja tu asimame mahali anapoonekana na dereva na kumwongoza kwa mkono. Waongozaji wawili humchanganya dereva. Asipomwona mwongozaji wake, asimamishe gari.

Na wachumaji wasiseme hilo ni jambo la madereva. Wao ndio walio nyuma ya gari. Wakiona pikapu inatoka bila kioo, waripoti nao. Sauti ya dereva mmoja ni rahisi kunyamazishwa, lakini watu arobaini waliokataa kupanda gari lisiloona nyuma watasikilizwa.

Umoja ni nguvu.