Sindano ya jicho isipoondoa uvimbe wa retina

MKAZI wa Mpanda mwenye kisukari, ambaye ameanza kuona ukungu, anaweza kusafiri hadi Dar es Salaam au Moshi, akachomwa sindano ndani ya jicho, akarudi mwezi wa pili na wa tatu, na bado asipate nafuu aliyoitarajia.

Wengi hudhani amepewa dawa bandia. Mara nyingi sivyo.

Retina ni utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, kuta za vimishipa vya damu vya utando huo hudhoofika; vingine huvuja, vingine huziba. Maji yakikusanyika katikati ya retina, sehemu inayotumika kusomea na kutambua sura za watu, sehemu hiyo huvimba.

Retina iliyokosa oksijeni hutoa kwa wingi protini iitwayo VEGF, ambayo huzidisha uvujaji. Sindano huizuia protini hiyo. Dawa iliyo nafuu zaidi, bevacizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, madaktari wa macho wakaanza kuitumia mwaka 2005, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa magonjwa ya macho.

Hata hivyo, uchambuzi wa utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa baada ya wiki 24 uvimbe ulikuwa bado upo katika takriban theluthi mbili ya macho yaliyotibiwa kwa bevacizumab, na theluthi moja ya yaliyopewa aflibercept, iliyo ghali zaidi.

Sababu ni kadhaa. VEGF si chanzo pekee cha uvujaji. Zipo kemikali nyingine za uvimbe ambazo sindano hiyo haizigusi. Shinikizo la damu na ugonjwa wa figo huongeza maji. Pale vimishipa vilipoziba kabisa, hakuna dawa inayovifungua.

Kwa bahati nzuri, kuanza na dawa ya bei nafuu si kupoteza muda. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2022, ulianza na bevacizumab na kuhamia aflibercept pale ilipobidi. Asilimia 70 ya macho yalihamishwa, lakini baada ya miaka miwili uwezo wa kuona haukutofautiana na wa walioanza na dawa ghali. Njia nyingine ni mionzi ya leza, upasuaji, au sindano za steroidi, ingawa hizi za mwisho huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho.

Kikwazo cha Mpanda ni umbali. Huduma za kibingwa za retina hupatikana KCMC mjini Moshi, na Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, na sindano hizo mwanzoni hutolewa kila mwezi. Anayekosa dozi mbili kwa sababu ya nauli huonekana kama aliyeshindwa na dawa, kumbe hakuipata.

Mkoani Kilimanjaro, mpango wa upimaji ulioanza mwaka 2010 ulikuta dalili za ugonjwa huu kwa karibu asilimia 28 ya wenye kisukari zaidi ya 3,000 waliopimwa. Wengi wa aina hiyo huwa bado wanaona vizuri. Kipimo hufanywa kila mwaka kwa matone ya kupanua mboni, na kwa kuwa macho hubaki na ukungu kwa saa chache, mgonjwa hutakiwa kwenda na mtu wa kumrudisha nyumbani.