Goti lililovimba: lini wachukue kinyama?



Tukipigiwa simu kuwa goti la mama limevimba, sisi huku jina la ugonjwa tunalo tayari: baridi yabisi, au uzee tu. Twatuma pesa ya dawa, basi. Mara nyingi ni kweli. Lakini goti moja peke yake, limevimba miezi mitatu minne na vidonge havisaidii, hilo si la kubahatisha. Hilo lataka kinyama.

Kinyama gani? Goti kwa ndani limevishwa utando laini unaotoa ute wa kulainisha. Utando huo ndio unaofura, na ndimo ugonjwa unamojificha. Kwa kawaida huanzwa kwa kuvuta maji ya goti kwa sindano, na ni sawa: maji huonyesha usaha, damu, au chembe za jongo. Ila kwa kifua kikuu (naam, huingia hata gotini, na mgonjwa asikohoe hata siku moja) maji hudanganya. Kwa darubini, vijidudu huonekana kwa mgonjwa mmoja tu katika watano hivi. Kinyama cha utando hugundua takriban tisa katika kumi.

Wala si jambo geni. Mwaka 1918 Daktari Kenji Takagi wa Tokyo alichukua kifaa cha kutazamia kibofu cha mkojo, akachungulia nacho ndani ya goti la maiti. Kilichomsukuma ni kifua kikuu hichohicho: Wajapani hukaa kwa kupiga magoti, na goti lililokakamaa kwao ni msiba. Kamera za goti za leo asili yake ni huko.

Siku hizi ama wanapiga ganzi na kuingiza sindano maalumu wakiongozwa na ultrasaundi, ama wanaingiza kamera kwa vitundu vidogo, daktari akachagua mwenyewe penye ubaya. Huchukuliwa vipande kadhaa, maana ugonjwa hauenei sawasawa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema.

Sasa kazi yote yaweza kuharibikia kwenye kichupa. Vipande vyote vikitiwa fomalini, vijidudu hufa na maabara haiwezi tena kuviotesha. Kimoja kiende fomalini kwa mpatholojia, kingine kwenye maji safi ya chumvi, kwa kuoteshwa na kwa mashine ya GeneXpert, ileile ya kupimia makohozi. Na fomu iandikwe wazi kuwa kinatafutwa kifua kikuu. Wakishuku jongo, kipande kitiwe kwenye alkoholi, kwani fomalini huyeyusha zile chembe.

Mie linalonitisha zaidi ni sindano ya steroidi kupigwa gotini kabla ya kujua kuna nini. Maumivu hupoa wiki kadhaa, mgonjwa anafurahi, na huku kinga imelazwa na gegedu linaliwa.

Si kila goti, lakini. La uzee, ambalo eksirei na historia yake vyatosha, liacheni. Mzee asitobolewe bure.

Dawa za kifua kikuu Tanzania na Kenya hutolewa bure; gharama iko kwenye kupima. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa ya vidonge tena, ulizeni maji yalivutwa au la, na kama kinyama kilichukuliwa, vipande vingapi na vilitiwa kwenye nini.