DVD Moja, Namba ya Siri ya Watu Wanne

Mpenzi msomaji, hebu niambie ukweli. Mara ya mwisho kuangalia DVD ya harusi yako ilikuwa lini? Usione aibu. Mimi mwenyewe, mhariri ninayejifanya kutoa ushauri kila mwezi, nilikaa miaka sita bila kuigusa ya kwangu.

Niliitafuta mwaka 2025, siku tuliyokuwa tunatimiza miaka sita tangu baba yangu afariki. Tulifunga ndoa mwaka 2012, enzi zile ambazo mpiga video anakukabidhi DVD tatu zenye kava la picha yenu mmeegemea mti, na kazi imeisha. Kwenye DVD ya sendofu ndipo alipo baba, amevaa suti ya kijivu, ameshika maiki, ananipa nasaha mbele ya ukumbi mzima. Sina sauti yake nyingine popote. Baba alikuwa mtu wa kupiga simu dakika moja na kukata.

Lazima niseme pia kwamba wiki hiyo mimi na mume wangu tulikuwa hatuongei vizuri. Shilingi 180,000 zilikuwa zimetoka kwenye akaunti yangu kwa ATM, mara tatu, 60,000 kila mara. Namba ya siri yeye anaijua. Sikumuuliza. Nilinuna tu, si unajua wanawake tunavyojua kununa.

Basi, mume wangu akaazima deki kwa jirani, maana yetu ilishakufa zamani na kompyuta zetu za mkononi, kama nyingi za siku hizi, hazina pa kuingizia diski. Watoto wakajipanga kwenye zulia kumwona babu. Nikaingia ukumbini. Mashangazi wakacheza. Keki ikakatwa. Mshereheshaji akamwita baba. Baba akashika maiki, akasema, “Mwanangu…”

Picha ikaganda. Ikavunjika vipande vipande vya rangi, halafu kimya.

Nililia, jamani. Nililia kama siku ya msiba.

Kwa nini iligoma palepale

Kesho yake nilikwenda kwa fundi mmoja Kariakoo. Akaigeuza diski kwenye mwanga, akacheka kidogo. “Dada, hii mmeiweka juani?” Kweli bwana, ilikaa miaka kwenye rafu chini ya dirisha. Mwanangu wa pili aliwahi kuifanya usukani wa gari.

Alichonieleza sikuwahi kukijua, ingawa nimeishi na CD tangu niko sekondari. CD ya muziki iliingia sokoni mwaka 1982, kazi ya kampuni za Philips na Sony. Upana wake ni sentimita 12, na maandishi yake yamejipinda kama konokono kwenye mstari mmoja ambao ukiunyoosha unazidi kilomita 5. Leza inaupitia mstari huo na kusoma vishimo vidogo kupita kiasi. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ni wazo lilelile ila vishimo ni vidogo zaidi, ndiyo maana CD inabeba megabaiti 700 na DVD ya kawaida gigabaiti 4.7.

Lakini diski ya kiwandani na ile anayokuchomea mpiga video si kitu kimoja. Ya kiwandani vishimo vyake vimegandamizwa kwenye plastiki. Ya kuchoma ina tabaka la rangi, na leza inaiunguza rangi hiyo ili kuweka alama. Kumbe neno letu la mtaani “kuchoma CD” ni sahihi kabisa! Sasa, rangi ni rangi. Khanga ukiianika juani kila siku inapauka, na diski hali kadhalika. Joto na unyevu wa Dar navyo vinasaidia kuimaliza.

Na kwa nini ilifia kwa baba? Kwa sababu diski inaandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Mwanzo wa sherehe uko ndani, karibu na tundu. Nasaha, zinazokuja mwishoni, zilikuwa ukingoni, pale vidole vinaposhika na mikwaruzo inapoanzia.

“Nakala nyingine ipo?” fundi akauliza. Ya mama yangu iliazimwa na shangazi, shangazi akamwazima jirani, na safari ikaishia huko. Ilibaki moja, ukweni.

“Shikamoo mama. Ile DVD ya sendofu bado ipo?”

“Marahaba mwanangu. Ipo kabatini, chini ya khanga zangu. Mimi sina deki, ningeichezea wapi?”

Ilikuwa haijachezwa hata mara moja. Gizani, ndani ya kava, haijaguswa. Fundi aliinakili yote, na saa tatu usiku tulimsikiliza baba mpaka mwisho. Alisema mambo mengi, lakini moja lilinichoma: “Mwanaume unayemfuata ana mdomo, na wewe una mdomo. Kama kuna jambo, liulizeni kabla hamjalala.”

Nikazima taa, nikamuuliza mume wangu kuhusu zile 180,000.

Kadi haikudanganya

Hakuchukua. Na aliumia kwamba nilimdhania siku nane nzima. Akasema labda kadi imekopiwa, tukaenda benki pamoja.

Dada wa benki akatuonyesha kile kidude cha rangi ya dhahabu kwenye kadi. Hiyo ni chipu, yaani kompyuta ndogo kabisa. Wajerumani Helmut Gröttrup na Jürgen Dethloff walikuwa na wazo hilo mwishoni mwa miaka ya 1960, na Mfaransa Roland Moreno akasajili la kwake mwaka 1974. Laini ya simu yako nayo ni ndugu wa kadi hiyo. Ilianza kutumika mwaka 1991, huko Finland.

Ule mstari mweusi wa nyuma ya kadi unasema maneno yaleyale kila siku, kwa hiyo mwizi mwenye kifaa anaweza kuunakili. Chipu ina ufunguo wa siri ambao hautoki nje hata siku moja. Mashine inauliza swali, chipu inapiga hesabu humohumo ndani na kutoa jibu ambalo ni la muamala huo tu. Ukilinasa jibu la leo, kesho halikufai kitu.

“Kwa hiyo aliyetoa hela alikuwa na kadi yenyewe, na aliijua namba,” akasema. “Nani mwingine anaijua?”

Nikaanza kuhesabu vidole. Mume wangu. Dada wa kazi, nilipokuwa na homa. Mdogo wangu wa kiume, alipokuja likizo nikamtuma ATM. Na mimi. Watu wanne! ATM iliyotumika iko jirani na alipokuwa akienda kufanya mafunzo ya vitendo. Nilimpigia simu, hakubisha. Alikuwa anaichukua kadi kwenye pochi na kuirudisha usiku uleule.

Teknolojia haikukosea mahali popote. Nilinunua kufuli la maana, halafu nikagawa funguo kama peremende.

Tunafanya kinyume

Nikakaa nikafikiri. Diski imetengenezwa ili mtu yeyote mwenye deki aisome. Haina siri, lakini inakufa, kwa hiyo usalama wake ni kuwa na nakala nyingi. Chipu imetengenezwa ili kile kilichomo asikisome mtu, kwa hiyo usalama wake ni kutokuwa na nakala kabisa. Sisi tunafanyaje? Sauti ya mzazi tunaiacha kwenye diski moja juani, na namba ya siri tunaitoa nakala nne.

Najua kuna wanaosema, mbona ndoa ni mwili mmoja, kuna ubaya gani mwenzangu akiijua namba yangu? Benki yoyote itakujibu kuwa namba ni ya mwenye kadi peke yake. Mimi naongezea: mwenzako anapoijua, siku hela ikipotea yeye ndiye mshukiwa wa kwanza. Unamfichia namba ili usije ukamshuku. Ila usifiche akaunti! Namba iwe siri, lakini akaunti ijulikane, maana ukifa leo mwenzako atajuaje pa kuanzia?

Wikiendi hii, fanyeni hivi:

• Toeni DVD na CD zote kabatini, mzinakili kwenye flashi au hadi diski ya nje, na nakala nyingine ihifadhiwe mtandaoni. Nyingine pelekeni ukweni. Msichelewe: Sony ilisimamisha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025, na deki nazo zinazidi kuadimika.

• Diski zenyewe msitupe. Ziwekeni kwenye kava, zimesimama, gizani. Usiandike kwa kalamu ya wino ngumu. Kwenye CD, maandishi ya leza yako chini kidogo tu ya lebo.

• Badilini namba za siri. Mkitaka fedha za pamoja, fungueni akaunti ya pamoja, kila mtu na kadi yake na namba yake.

• Andikeni orodha ya akaunti zenu, bila namba za siri, na kila mmoja ajue ilipo.

Mdogo wangu analipa 30,000 kila mwezi. Mume wangu nimemwomba msamaha, kanisamehe, ingawa bado ananitania kila nikifungua pochi. Na baba sasa yuko kwenye simu yangu, kwenye simu ya mama, na kwenye flashi kabatini kwa mama mkwe, chini ya khanga.